Nyuki Katika Ukuta wa Bibi

Huyu ni Nyamizi. Ana miaka sita, na sauti yake ni kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Akipiga hodi, kuku wanaruka. Akicheka, majirani wanajua kuna jambo. Akiimba, mbuzi wa jirani anaacha kula majani na kumtazama.

Nyamizi anaishi na Bibi yake karibu na reli. Treni ikipita, vikombe vyote kabatini vinatetemeka: ti-ri-ri-ri.

Nyumba yao ni ya zamani sana. Ilijengwa kabla Bibi hajazaliwa. Kuta zake ni nene, za matofali, na ndani ya kuta hizo mna nafasi, kama mfuko ndani ya koti.

Siku moja Nyamizi aliegemea ukuta wa chumba cha Bibi. Akasikia kitu.

Mmmmmm, ukaimba ukuta. Mmmmmm.

"Bibi," Nyamizi akaita, "ukuta wako unaimba."

Bibi aliacha kukunja nguo. Akaja, akaweka sikio lake ukutani. Akafumba macho, akasikiliza.

Mmmmmm, ukaimba ukuta. Mmmmmm.

"Huo si ukuta, mjukuu wangu," Bibi akasema. "Hao ni nyuki."

Wakatoka nje kutazama. Chini ya dirisha la Bibi palikuwa na ufa mdogo, unaoweza kupitisha kidole kimoja tu. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, wakiingia na kutoka, kama watu mlangoni mwa duka.

"Ni wageni," Bibi akasema. "Watapumzika, kisha watakwenda zao."

Lakini hawakwenda. Wakaja wengine. Na wengine. Na wengine tena.

Nyuki mmoja alimuuma Bibi mkononi alipokuwa akifungua dirisha. Mwingine alimuuma Mjomba Shija kwenye sikio.

Mjomba Shija ni mtoto wa Bibi. Nyumba yake iko hapo hapo jirani. Sikio lake lilivimba, likawa nene na la duara kama andazi.

Sasa Bibi hakuweza kulala chumbani mwake. Alilala jikoni kwenye mkeka, pamoja na Nyamizi.

Sakafu ya jikoni ilikuwa ngumu. Kila asubuhi Bibi aliamka taratibu, mkono mmoja mgongoni.

"Aa, mgongo wangu," Bibi alisema.

Nyamizi alimshika mkono, akamvuta mpaka akasimama. Bibi hakulalamika zaidi, lakini Nyamizi alimwona akitembea kwa shida mpaka kisimani.

Jioni moja walikuwa wakila ugali na mlenda. Mjomba Shija alikula kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika sikio.

"Kesho nitawachoma moto," Mjomba Shija akasema. "Nitawasha moto pale kwenye ufa. Wataisha wote."

Nyamizi aliacha kula.

"Wote, Mjomba?"

"Wote."

"Na watoto wao?"

Mjomba Shija aliweka tonge chini. "Nyuki wana watoto?" akauliza.

Hakuna aliyejua.

Bibi alitazama juu. Dari la nyumba lilikuwa la mbao, na mbao zilikuwa kavu kabisa.

"Shija mwanangu," Bibi akasema, "moto ukiingia ukutani, utapanda mpaka kwenye dari. Nyuki wataondoka, na nyumba itaondoka nao."

"Sasa tufanyeje, mama?"

Bibi alitafuna, akafikiri. Akameza, akafikiri tena.

"Ng'ambo ya reli yuko mama mmoja, anaitwa Mama Kalunde. Anafuga nyuki. Tumwite kwanza aje aone."

Mjomba Shija alipumua kwa nguvu puani. "Haya, mama," akasema. "Lakini asipoweza, mimi nina kiberiti."

Kesho yake mchana, kengele ya baiskeli ililia nje. Kri-ling, kri-ling.

Mwanamke mrefu alikuwa akishuka. Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga sanduku la mbao kwa kamba ya mpira. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Hodi hapa," akasema.

"Karibu, mwanangu," Bibi akajibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu sana. Umefanya vizuri kuja."

Nyamizi akasogea mbele. "SHIKAMOO, MAMA KALUNDE," akaamkia.

Kuku wakaruka. Mbuzi wa jirani akainua kichwa.

"Marahaba," Mama Kalunde akanong'ona. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa Nyamizi. "Una sauti nzuri. Lakini leo tuiweke mfukoni, sawa? Nyuki hawapendi kelele."

Nyamizi alishika mdomo wake. Kisha akatia mkono mfukoni, akaibana sauti yake humo humo.

Mama Kalunde aliingia chumbani kwa Bibi. Hakupiga ukuta. Hakuugonga. Aliupapasa kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Njoo," akamwambia Nyamizi. "Weka mkono wako hapa."

Ukuta ulikuwa baridi.

"Na hapa."

Ukuta ulikuwa baridi.

"Na hapa."

Nyamizi akatoa macho. Ukuta ulikuwa na joto, kama kikombe cha chai iliyoanza kupoa.

"Joto," akanong'ona.

"Basi hapo ndipo walipo," Mama Kalunde akasema. "Wamejibana pamoja. Wanawapasha joto watoto wao."

Nyamizi akamgeukia Mjomba Shija, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mjomba," akanong'ona, "wana watoto."

Mjomba Shija alitazama vidole vya miguu yake. Akatoka nje. Bibi akadhani amekasirika.

Lakini alirudi na nyundo na patasi.

"Nionyeshe tofali la kutoa," akamwambia Mama Kalunde. "Tuwatoe."

Kazi ikaanza jua lilipopoa.

Mbuzi alipelekwa mbali. Kuku walifungiwa bandani. Nyamizi na Bibi walikaa ndani, na milango na madirisha yote yakafungwa. Waliweza kuchungulia kupitia kioo.

Mama Kalunde alivaa nguo nyeupe kutoka shingoni mpaka miguuni, na kofia yenye wavu. Akampa Mjomba Shija nguo kama hiyo.

Nguo ilikuwa fupi. Miguu ya Mjomba ilibaki nje, mirefu na myembamba. Bibi alimpa soksi za shule za Nyamizi. Zilikuwa ndogo mno. Mwishowe Mjomba alijifunga vitambaa miguuni, akatoka akitembea kama korongo.

Nyamizi alitaka kucheka. Akatia mkono mfukoni, akaibana sauti yake.

Mama Kalunde alikuwa na kopo la moshi. Ndani yake alitia majani makavu na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akawasha. Akalibonyeza.

Fuu, fuu, likapuliza moshi kwenye ufa. Fuu, fuu.

"Moshi unawatuliza," Bibi akamwambia Nyamizi sikioni.

Kisha Mjomba Shija akagonga. Ko. Ko. Ko. Polepole sana.

Tofali la kwanza likatoka. Na la pili. Na la tatu.

Ndani ya ukuta mlikuwa na masega. Yalining'inia moja nyuma ya jingine, kama nguo kwenye kabati. Mengine meupe, mengine ya njano, mengine ya kahawia. Na juu ya kila sega walitembea nyuki.

Mmmmmm, wakaimba. Mmmmmm.

Mama Kalunde hakuwa na haraka. Alikata sega moja kwa kisu kirefu. Akawapangusa nyuki kwa unyoya wa kuku, mmoja baada ya mwingine. Na alipokuwa akifanya hivyo, alisema nao:

"Asanteni, nyuki wadogo.
Twendeni polepole."

Akalifunga sega kwa uzi kwenye kijiti, akalining'iniza ndani ya sanduku lake. Sanduku hilo ndilo mzinga, nyumba mpya ya nyuki.

Akakata sega la pili.

"Asanteni, nyuki wadogo.
Twendeni polepole."

Nyamizi akavuta kanga ya Bibi.

"Bibi, mbona anawashukuru? Wamekuuma mkono. Wamemuuma Mjomba."

Bibi akaonyesha kidole upande wa shamba.

"Unayaona maboga yangu?"

Nyamizi aliyaona. Yalikuwa mengi, makubwa, yamelala kila mahali.

"Mwaka jana nilivuna machache, tukala yakaisha upesi," Bibi akasema. "Ua la boga likikosa wadudu wa kulitembelea, halizai. Mwaka huu limetembelewa kila asubuhi. Nilidhani ni mbolea. Kumbe ni hawa wageni wetu."

Nyamizi akayatazama maboga. Akawatazama nyuki. Akasogeza mdomo karibu na kioo.

"Asanteni, nyuki wadogo," akanong'ona. "Twendeni polepole."

Masega yote yalitoka ukutani. Yale yenye watoto wa nyuki, na mengine ya asali, yaliingia kwenye sanduku. Moja lililojaa asali Mama Kalunde aliliweka kando kwenye sahani, akalifunika.

Sasa ilibaki nyuki wenyewe waingie.

Lakini hawakuingia.

Walizunguka. Walipanda juu, wakashuka. Wengine walianza kurudi kwenye tundu la ukuta.

Mama Kalunde alichungulia ndani ya sanduku. Akachungulia ndani ya ukuta. Akapiga magoti, akatafuta chini.

"Malkia simwoni," akasema.

"Malkia ndiye nani?" Mjomba Shija akauliza.

"Ndiye mama yao. Popote alipo yeye, ndipo wanapokaa wote. Tusipompata leo, watarudi ukutani."

Mabega ya Mjomba Shija yakashuka. Jua nalo lilikuwa likishuka.

Ndani ya nyumba, Bibi aliketi kwenye kiti. Alikuwa ameshika mgongo wake.

Nyamizi akaenda kwenye dirisha lingine, lile la jikoni. Hakutaka Bibi aone kwamba anakaribia kulia.

Nje ya dirisha la jikoni kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Kanga ya Bibi ilikuwa imeanikwa pale, ile nyekundu yenye maua meupe.

Nyamizi aliijua kanga hiyo vizuri. Lakini leo ilikuwa na doa.

Doa la kahawia, kubwa kama chungwa.

Doa likasogea.

Nyamizi akasogea karibu na kioo. Doa likawa kubwa kama nazi. Nyuki walikuwa wakitua pale, mmoja juu ya mwenzake, wameshikana miguu.

Sauti kubwa ya Nyamizi ikapanda. Ikafika kifuani. Ikafika kooni. Ikafika kwenye ulimi, ikataka kutoka yote kwa pamoja.

Akipiga kelele, nyuki wataruka. Wakiruka, watapotea.

Nyamizi akafunga mdomo. Akatia mkono mfukoni, akabana, akabana, akabana.

Akatembea kwa vidole vya miguu mpaka chumbani kwa Bibi. Nje ya dirisha alisimama Mama Kalunde. Nyamizi akagonga kioo kwa kidole kimoja.

Ti. Ti. Ti.

Mama Kalunde akainama.

Nyamizi akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kusema, ndogo kama punje ya mchanga:

"Kanga ya Bibi. Wanakusanyika kwenye kanga ya Bibi."

Mama Kalunde hakukimbia. Alizunguka nyumba hatua kwa hatua. Akasimama mbele ya kanga, akatazama kwa muda mrefu.

Katikati ya nyuki wote alikuwepo mmoja mrefu, mwenye tumbo linalong'aa. Wenzake wote walikuwa wamemzunguka.

"Ndiye," Mama Kalunde akasema.

Akafungua kibanio cha kwanza. Akafungua kibanio cha pili. Akaibeba kanga kwa mikono miwili, kama anayembeba mtoto mchanga aliyepitiwa na usingizi.

Nyamizi alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Kisha akamfuata mpaka dirisha la chumbani. Bibi alikuwa amekwisha simama, naye anatazama.

Mama Kalunde akaishusha kanga juu ya sanduku. Akaikung'uta mara moja tu.

Puu.

Nyuki wakaanguka ndani, na malkia pamoja nao.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mjomba Shija alisimama kama mti. Bibi alishika bega la Nyamizi.

Kisha nyuki kadhaa wakaja kusimama mlangoni mwa sanduku. Wakainua mikia. Wakapepea mabawa yao, vrrr, vrrr.

"Wanawaita wenzao," Mama Kalunde akasema.

Na wenzao wakasikia. Wakatoka angani, wakatoka kwenye tundu la ukuta, wakatua, wakaingia kwa miguu, wengi wengi, kama watoto wanaoingia darasani.

Mama Kalunde akasema, na Mjomba Shija akasema naye, na ndani ya nyumba Bibi na Nyamizi wakasema pia:

"Asanteni, nyuki wadogo.
Twendeni polepole."

Nyuki wa mwisho alipoingia, Mama Kalunde aliufunga mlango wa sanduku kwa wavu, ili wapate hewa.

Akavua kofia yake. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akaenda moja kwa moja kwa Nyamizi.

"Sauti yako iko wapi?" akauliza.

"Mfukoni," Nyamizi akanong'ona.

"Umeitunza vizuri sana. Sasa unaweza kuitoa."

Nyamizi akatoa mkono mfukoni. Akavuta pumzi.

"ASANTE, MAMA KALUNDE," akasema.

Kuku wote wakaruka bandani. Mama Kalunde akacheka mpaka akashika ukuta.

Bibi alileta boga kubwa kuliko yote shambani, akalikumbatia kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "umeniokolea nyumba yangu. Pokea hili. Wamelilea hao hao unaowachukua."

Mama Kalunde alilipokea kwa kupiga goti. Naye akampa Bibi sahani ya asali.

"Hili sega moja ni lenu, mama. Mengine nimewaachia wenyewe, wasilale njaa kwenye nyumba mpya."

Kisha yeye na Mjomba Shija wakaondoka na baiskeli. Mmoja alisukuma, mwingine alishika sanduku lisitikisike. Wakavuka reli, wakaelekea msituni, kwenye mninga mmoja wenye kivuli kizuri.

Asubuhi yake Mjomba Shija alikuja na ndoo ya udongo na saruji. Aliusugua ukuta kwa maji na sabuni, harufu ya asali ikaisha. Akarudisha matofali, akaziba ufa.

"Kumbe sikujua kitu," alimwambia Bibi huku akipaka. "Ningewachoma, mama. Ningechoma na nyumba."

"Hukuchoma," Bibi akasema. "Kunywa uji wako, unapoa."

Uji ulikuwa na asali. Mjomba Shija alikunywa vikombe viwili, akalamba na kijiko.

Jumamosi Mama Kalunde aliwapeleka msituni kuwaona nyuki.

Walisimama mbali. Mzinga ulikuwa umening'inia kwenye tawi la mninga, na juu yake kulikuwa na bati. Nyuki walikuwa wakirudi kutoka kwenye maua, miguu yao imejaa unga wa njano.

"Wamevaa soksi," Nyamizi akasema.

"Zinawatosha," Mjomba Shija akasema, na Bibi akacheka kwa muda mrefu.

Jioni hiyo ukuta ulikuwa umekauka. Bibi alikunja mkeka wa jikoni, akauweka juu ya kabati. Akatandika kitanda chake kwa shuka safi.

Akalala chali, akanyoosha miguu. Nyamizi akapanda, akalala ubavuni mwake.

"Aaa," Bibi akasema. "Kitanda changu."

Nje, mvua ikaanza. Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta.

"Bibi."

"Naam."

"Nyuki watalowa?"

"Hawatalowa. Wana bati juu."

"Na watoto wao?"

"Wako katikati, wana joto."

Nyamizi akafikiri. Mvua ikaongezeka.

"Bibi, asante."

"Asante ya nini, mjukuu wangu?"

"Ya kumwita Mama Kalunde."

"Na mimi nakushukuru wewe," Bibi akasema. "Nakushukuru kwa macho yako yaliyoona. Nakushukuru kwa kuuliza habari za watoto wa nyuki, wakati sisi wakubwa hatukufikiria. Nakushukuru kwa kunivuta kila asubuhi nisimame. Na nakushukuru..."

Bibi akamtazama. Nyamizi alikuwa amelala. Kwenye kidevu chake palikuwa na tone dogo la asali.

Bibi akalifuta kwa kidole gumba. Akavuta blanketi likawafunika wote wawili, akazima taa.